Daraja la Kujifunzia

1.

TANGAZO
Wananchi wa Kijiji cha Lutende mnaarifiwa kuwa ruzuku ya Serikali ya miundombinu na ujuzi kwa vijana imewasili. Kwa ruzuku hiyo watafundishwa mafundi, na litajengwa daraja la mawe juu ya kijito cha Kalambe. Mafundi watafundishwa kwanza. Daraja litafuata.

Litafuata.

2.

Mawe ni yaleyale. Hilo ndilo jambo la kwanza alilofundishwa Subilaga siku alipoacha kuuza ndizi, akavaa buti za mumewe na kwenda darasani.

Mawe ya mafunzo hayajengewi saruji. Yanajengewa udongo mwekundu wa kichuguu. Ukikauka unashika, mwalimu anapima, anatoa maksi, kisha kazi yote inabomolewa, mawe yanaoshwa na kujengwa upya. Siku ya kubomoa ndiyo ilikuwa sikukuu yao. Waliimba, wakataniana, wakayapa mawe majina. Lile la kati, linalofunga upinde, waliliita Mzee, maana likitoka hilo nyumba nzima inasambaratika.

3.

Upinde wa mwisho, ule wa mtihani, waliujenga palepale Kalambe, kiangazi, maji yakiwa ya kifundoni.

"Mjizoeze mahali penyewe," alisema Mwalimu Ambakisye. "Tukishapima, tunabomoa. Saruji ya daraja lenyewe iko njiani."

4.

UJUMBE KUTOKA WILAYANI
Mgeni rasmi atafika Alhamisi. Mazingira yapendeze.

5.

Hapa nisikufiche kitu, msomaji. Subilaga hakutumwa na mtu.

"Mwalimu, tuupake saruji kidogo, usoni tu," Subilaga alisema. "Mgeni hakaribishwi kwenye nyumba isiyofagiwa."

Mfuko mmoja ulitosha. Aliusiriba upinde mwenyewe kwa mwiko wake, juu na ubavuni, mpaka ukawa laini, kisha akaupaka chokaa. Ulipendeza, jamani. Alirudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyejifungua salama.

6.

Mgeni rasmi alishuka garini, akatazama, akacheka kwa furaha.

"Nimeambiwa daraja bado. Mbona mimi naliona?"

Makofi.

Mwalimu Ambakisye alifungua kinywa. Mtendaji wa kijiji, Mwakalinga, akamkanyaga mguu. Mgeni rasmi hasahihishwi hadharani, hilo hata mtoto anajua. Mkasi ukapatikana. Utepe ukachanwa kutoka kitambaa cha meza. Mama Tusajigwe, mkwewe Subilaga, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Na Subilaga?

Alipiga makofi.

7.

TAARIFA YA UTEKELEZAJI
Daraja: limekamilika.
Mafundi: wamehitimu.
Mwalimu: amehamishwa kwa manufaa ya umma.
Ajira mpya: msimamizi wa daraja, Bi. Subilaga (amepewa kizibao cha njano).

8.

Yaliyosikika sokoni, kwenye ndizi:

"Huyo ndiye mke wa mwanawe Tusajigwe. Kajenga daraja!"

"Wengine tumeletewa wa kula tu."

"Zamani mvua ikinyesha tulikaa ng'ambo hii tukitazamana na ndizi zetu. Sasa..."

"Mungu ampe maisha."

9.

Alijaribu. Aliziba njia kwa miiba. Watu wakaigeuza kuni. Alisema ni hatari. Wakamwambia aache unyenyekevu. Akaenda kwa mtendaji.

"Mtendaji, lile ni la kujifunzia. Ndani ni kichuguu kitupu. Masika ikifika litaua watu."

Mwakalinga aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na mwoga mwenye ofisi ana hasara zake.

"Dada yangu, lile limeshafunguliwa. Kilichofunguliwa na Serikali kinafungwa na Serikali. Andika barua. Na ukiandika, eleza pia nani aliyelisiriba."

Alirudi nyumbani. Hakuandika. Aliogopa kizibao kuvuliwa, aliogopa kuchekwa na watu, na zaidi ya yote aliogopa uso wa mama mkwe.

10.

Mvua.

Mvua.

Kalambe ilishuka ikiwa ya kijivu, kama kawaida yake. Lakini chini ya daraja uzi mmoja mwekundu ulitoka kati ya mawe, mwembamba, ukafuata mkondo.

Kichuguu.

Mficha uchi hazai, Subilaga alijiambia. Akaenda kuchukua mtaimbo.

11.

Asubuhi ya gulio, watu wanaona. Pigo la kwanza lilibandua saruji kama ganda la yai. La pili

"Amerogwa!"

"Mzuieni!"

"Ni wivu wa nani huu?"

La pili hakulipiga. Mama Tusajigwe alikuwa amepita katikati ya watu na kigoda chake. Akakiweka juu kabisa ya upinde, palepale kwenye lile jiwe la kati, Mzee. Akaketi.

"Nibomoe na mimi," akasema.

"Mama, shuka."

"Mumeo alipokuleta, watu walisema kaoa muuza ndizi. Leo wanavua kofia nikipita. Sishuki."

Subilaga aliweka mtaimbo chini. Alichimba kwa kidole pale palipobanduka, akatoa donge, akapanda mpaka alipokaa mkwewe, akamwekea kiganjani.

Mama Tusajigwe alilikamua. Likachuruzika hadi kiwiko, jekundu.

Akamgeukia Subilaga.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipopiga vigelegele, ulijua?"

"Nilijua, mama. Nisamehe."

Bibi yule hakulia wala hakutukana. Aliwatazama wanawake wenye ndizi vichwani, waliokuwa wamesimama wakingoja kuvuka. Wawili walishaanza kurudi nyuma.

"Sasa mimi nitawaambia nini hawa?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo Subilaga hakuwahi kuisikia kwake.

12.

(Nafasi hii imeachwa wazi kwa ajili ya maoni ya wananchi.)

13.

Subilaga alirudi hadi ukingoni, mgongo ukitangulia, mkono ameunyoosha.

"Kigoda kiache, mama. Njoo."

"Kigoda ni cha mama yangu." Alisimama, akakiinua, akamwelekezea. "Shika kigoda kwanza."

Chini ya miguu yake, Mzee akasogea