Risasi Iliyopotea Njia

Usiku wa jana niliota ni mchana, jua la utosi, na risasi inabisha hodi mlangoni kwetu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," nikajibu. Tangu vita viingie katika mji wetu, hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kubisha hodi.

Ilikuwa ndogo, imevaa koti la shaba, inahema. "Samahani, dada. Nimepotea."

Niliiamini. Redio husema hivyo kila mara: raia ameuawa na risasi iliyopotea. Ajabu ni kwamba sijasikia hata moja ikipotelea kambini. Zinapotelea sokoni, shuleni, kwenye foleni ya maji. Jambo hili huniudhi hata nikiwa usingizini.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwa adui."

"Adui yupi?"

"Sikuambiwa. Nilisukumwa tu."

Inachungulia chumba cha pili, ambako mama yangu, Kyakimwa, amejilaza kitandani. Kila siku namsihi alale sakafuni, maana dirisha liko usawa wa kichwa chake. Kila siku ananijibu, "Mimi si panya."

"Adui ndiye yule?" risasi inauliza. "Amekaa vizuri."

"Yule ni mama. Njoo nikuonyeshe njia."

Tunatoka, na nje si uani tena, ni sokoni. Masika, muuza nyanya, ameegemea mkongojo wake.

"Masika, huyu mgeni anatafuta uwanja wa vita."

"Tena?" Masika anakunja uso. "Mwenzake alipita hapa mwezi jana. Nikamwambia anyooke moja kwa moja. Akaingia gotini kwangu, eti apumzike kidogo. Daktari akamtoa pamoja na mguu."

"Pole sana," risasi inasema. "Yule ni binamu yangu."

"Mtu hamfuati binamu yake kila mahali," Masika anasema, na kuendelea kupanga nyanya.

Nageuka, soko limekuwa nyumba yetu, na risasi inaelekea chumbani kwa mama. Miguu yangu imegoma. Mama ninaye huyu mmoja tu.

"Hujala!" napiga kelele. "Unataka majirani waniseme? Mgeni aondoke kwangu na njaa? Maharage yako jikoni!"

Inasita mlangoni. "Yana mawese?"

"Mengi."

"Haya, kidogo tu." Inageuka, inaingia kwenye sufuria.

Niliamshwa na sauti ya mama, amefura.

"Nani ametoboa kifuniko cha sufuria yangu?"

Nilikimbilia jikoni. Mama alikuwa akikoroga maharage, mara mwiko ukagonga kitu kigumu. Akakichota, akakipangusa kwa ncha ya kitenge. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya shaba. Akaenda chumbani, akavuta godoro lake mpaka sakafuni.

"Mimi si panya," akasema, akikung'uta shuka. "Ila hiki kitanda kina kunguni."

Hakina hata mmoja. Nikashika upande wa pili wa shuka, tukatandika.