Kikombe cha Randu

Kazi ya kunusa vikombe ilianza mwaka wa hamsini na tisa, baada ya msumeno wa kiwanda cha mbao cha Kirpal Singh, kule Changamwe karibu na njia ya reli, kuukata mkono wa mfanyakazi mmoja, Nguma. Nguma alikuwa amekunywa tembo, pombe ya mnazi, asubuhi hiyo. Kila mtu alijua, na yeye mwenyewe hakukana. Watu wa bima wakamwandikia Kirpal barua: kuanzia sasa asiingie mtu kiwandani bila kupimwa ulevi.

Apimwe vipi, barua haikusema. Karani wa kiwanda, Gershom, mtu wa kanisa ambaye hajapata kuonja pombe maishani mwake, alichora mstari wa chokaa sakafuni, na kila asubuhi wafanyakazi wakawa wanautembea, mguu mbele ya mguu. Kisha akajaribu kuwanusa midomo. Lakini vumbi la mbao lilikuwa limemziba pua miaka mingi, na tena wanaume hawakupenda kupumuliana usoni. Ndipo mke wa Kirpal alipomtaja Bi Mwanasaumu.

Bi Mwanasaumu alikuwa mjane wa makamo, aliyeishi si mbali na kiwanda na kupata riziki yake kwa kuuza udi, mavumba ya kunukia na vikuba, vile vishada vya maua ya asumini na kilua. Mtaani walisema kwamba akinusa kikuba anaweza kukwambia kama maua yalichumwa umande haujakauka au jua limeshapanda. Kirpal alipomwendea, Bi Mwanasaumu alitoa masharti yake.

"Mwanamume hatonipumulia mimi usoni. Atapumua kikombeni, akifunike, nami nitaletewa kikombe. Nitasema ndiyo au la. Zaidi ya hapo nisiulizwe."

Akajengewa kijumba kando ya lango, chenye kidirisha kisichozidi upana wa sahani. Vikombe vilikuwa vya bati, vifuniko vyake vifuu vya nazi. Mwanga wa asubuhi ulipenya kwenye nafasi za mbao, na ndani ya mwanga ule unga wa mbao ukielea bila haraka, mwekundu wa mbambakofi, wa manjano wa mvule, kama hauna nia ya kutua popote. Bi Mwanasaumu alivuta buibui lake, akafumba macho, akafunua kifuu. Ilikuwa kama kupita uchochoroni wakati wa mapishi. Kikombe hiki uji wa mtama. Kile muhogo na pilipili. Huyu kapiga mswaki wa mwarobaini, yule hajatia kitu tumboni tangu jana. Siku nyingine alisahau kwamba yuko kazini, akabaki ameinama juu ya kikombe kana kwamba amekaribishwa nyumba ya watu na anasubiri mwenyewe atoke.

Tembo nalo lilikuja. Walilifunika kwa karafuu, kwa iliki, kwa tambuu. Yeye alisikia iliki juu na tembo chini yake, kama sauti ya mtu anayezungumza nyuma ya pazia. Alisema "ndiyo," Gershom akaandika, na mwenye kikombe akarudi kwao siku hiyo.

Mwezi wa kwanza, kikombe cha Randu kilipata "ndiyo" mara tatu. Randu alikuwa fundi mkuu wa msumeno, kijana wa Kigiriama wa miaka thelathini na kidogo. Baba yake alikuwa mgema, naye tembo alilijua kabla ya kujua kusoma. Gogo likiletwa, alilipapasa kwa kiganja, akajua ndani limepinda wapi. Mara ya tatu Kirpal mwenyewe alimwambia kwamba ya nne itakuwa ya mwisho.

Jioni hiyo Randu alisimama mbele ya kidirisha, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikuja kugomba. Nimekuja kukwambia nimeacha. Nimemwambia mke wangu Nyamvula, na sasa nakwambia wewe, kwa sababu wewe ndiwe utakayejua nikisema uongo."

"Inshallah," akasema Bi Mwanasaumu. Kweli, tangu siku hiyo kikombe cha Randu kilinuka uji na maji ya mtungi, asubuhi baada ya asubuhi, hata Bi Mwanasaumu akawa anakingoja kama mtu anavyongoja habari njema.

Masika yalipokwisha, kikombe kikaja na harufu nyingine.

Ilikuwa tamu. Si tamu ya halua wala ya asali. Ni tamu ya nanasi lililoiva kupita kiasi na kufungiwa chumbani. Alikifunika, akakifunua tena. Siyo tembo. Akasema "la," lakini siku nzima harufu ile ilimfuata, ikakaa naye alipokuwa akipepeta mavumba, ikamwamkia alipotandika mswala. Aliijua. Hakutaka kukumbuka aliijulia wapi.

Siku ya pili ilizidi. Siku ya tatu alichungulia kidirishani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akamwona Randu mferejini, penye bomba, akinywa maji, akinywa, akinywa, kama ng'ombe aliyetoka safari ya mbali. Shati lilimning'inia mabegani. Alipofika kwenye mstari wa chokaa alitembea hatua nne, akasimama, akautazama ule mstari kama mtu anayetazama mto na hajui kina chake. Kisha akayumba.

"Amelewa," akasema Gershom. "Mara hii hatuhitaji kikombe."

"Sijanywa kitu," akasema Randu. Maneno yalimtoka mazito, yamevutika.

Kirpal alitoka ofisini. Kikombe kilipelekwa kidirishani, na kiwanda kizima kikanyamaza, hata msumeno ukazimwa. "Bibi," akaita Kirpal, "ndiyo au la?"

"La."

"Anamfichia," akasema Gershom. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayesoma hesabu ya mbao. "Harufu naisikia hata mimi mwenye pua mbovu. Tamu, kama pombe ya mananasi. Na macho tunayo, bwana. Mtu gani mzima anayumba hivi?"

Bi Mwanasaumu alikaa na kikombe mkononi. Unga wa mbao ulikuwa ukielea katika mwanga kama kawaida, na ndani yake akaona chumba chake mwenyewe miaka kumi na moja nyuma, kitanda cha kamba, na mumewe Sheikhan amelala. Sheikhan alikuwa mwalimu wa chuo, akifundisha watoto Kurani. Alikonda kwa wiki chache, akawa anamaliza mtungi wa maji usiku na mchana, na pumzi yake ikawa na harufu hii hii. Wazazi waliokuja kumtazama walitazamana. Mtaani ukapita mnong'ono kwamba mwalimu anakunywa kwa siri. Naye Mwanasaumu, mkewe, aliinama sikioni mwake akamwuliza, "Wallahi niambie kweli, Sheikhan, umekunywa?" Sheikhan hakujibu. Aligeuza uso ukutani. Siku ya tatu baada ya hapo akafa. Daktari aliyekuja amechelewa alisema ni sukari.

Swali lile hakuwahi kumwambia mtu.

Aliweka kikombe chini, akajifunga buibui sawasawa, akafungua mlango wa kijumba akatoka nje, katikati ya wanaume wote wale. Wengi wao hawakuwa wamemwona hata siku moja, ila vidole vyake kidirishani. Wakampisha. Randu alikuwa ameshakaa juu ya rundo la mbao, kidevu kifuani, akipumua kwa nguvu na kwa kina kana kwamba anakimbia usingizini.

"Bwana Kirpal," akasema, "nilisema nisiulizwe zaidi ya ndiyo au la. Leo nitasema bila kuulizwa. Mtu huyu hakulewa, ni mgonjwa. Ana sukari. Tukimwacha hapa alale ulevi ambao hana, hatoamka."

Kirpal alimtazama, akamtazama Randu. Lori lilikuwa langoni, limepakiwa mbao za kupeleka kisiwani. "Mpandisheni," akasema.

Bi Mwanasaumu alikaa juu ya mbao, kichwa cha Randu kimeegemea paja lake, na hakuwaza watu watasema nini. Lori lilishuka polepole, likapita tuta la Makupa la kuvukia kisiwani, maji pande zote mbili yametulia meupe kama maziwa. Randu alifumbua macho.

"Mama, unawaona?"

"Nani, mwanangu?"

"Wanaopanda. Minazi yote hii ina watu juu, na kila mmoja ananiita nipande."

"Usipande. Waambie una kazi."

"Nina kazi," akasema Randu kwa upole, akiwaambia wale wa juu, akafumba macho tena.

Kwenye hospitali kubwa, mhudumu wa mlangoni alimnusa Randu kwa mbali, akasema walevi hawalazwi, apelekwe nyumbani akapoe. Bi Mwanasaumu hakupandisha sauti.

"Mpimeni mkojo. Mkimkuta hana sukari, nifungeni mimi kwa kuwasumbua."

Alisema hivyo mara tatu, kwa maneno yale yale, mpaka msaidizi wa daktari aliyekuwa akipita akasimama. Ndiye aliyechukua kikopo kidogo cha mkojo, akatia matone machache katika kichupa chembamba chenye maji ya buluu, akakishika juu ya moto. Bi Mwanasaumu alisimama mlangoni akitazama. Buluu ilikuwa kama bahari ya saa nne asubuhi. Ikaingia kijani. Kijani kikaingia manjano, polepole, kama jani linalokauka mbele ya macho yako, na manjano yakaiva yakawa mekundu ya tofali. "Sukari nyingi," akasema msaidizi wa daktari. Alizima moto akaondoka mbio.

Randu alilala siku mbili bila kujitambua. Ya tatu akaomba uji.

Kazini, Gershom alikuwa ameshaandika jina lake kati ya waliofukuzwa. Habari za hospitali zilipofika alilikata kwa wino mwekundu, na jioni akapita nyumbani kwa Bi Mwanasaumu, akasimama barazani bila kukaa. "Niliona alichokuwa anafanya, bibi," akasema. "Sikuona alichokuwa nacho." Bi Mwanasaumu akamkaribisha kahawa. Alikunywa kikombe kimoja, akaaga.

Randu aliporudi alikuwa mwembamba, na daktari alimkataza msumeno, asije akazimia juu yake. Kirpal akampa kazi ya kuchagua na kupima magogo yanapoingia. Randu hakuificha huzuni yake. Kila msumeno ulipolia aligeuka. Nyamvula ndiye aliyejifunza kuchemsha sindano na kumchoma kila asubuhi, na dawa yake aliihifadhi ndani ya mtungi uliozikwa nusu mchangani, mahali pa baridi.

Siku moja adhuhuri, watu wamekwenda kula, Randu alikuja kidirishani.

"Mama, ulijuaje?"

Akamweleza. Alianza na harufu, na alipofika kwenye kitanda cha kamba alidhani atanyamaza, lakini maneno yakaendelea yenyewe, mpaka kwenye swali, mpaka kwenye uso ukutani. Kidirisha kilikuwa kati yao. Pengine ndicho kilichomsaidia.

Randu alisogea karibu na kidirisha.

"Nyamvula naye aliniuliza," akasema. "Usiku wa kuamkia siku ile. 'Umerudia tembo?' Nikamgeuzia mgongo. Mama, sikumkasirikia. Nilimsikia kama mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya maji, na kujibu kulikuwa kazi kubwa mno. Nilikuwa nimechoka tu. Ukuta ulikuwa na ubaridi, nikautaka."

Nje, makuli wawili walikuwa wakibingirisha gogo la mvule, wakihesabiana hatua kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa na ubaridi," akasema Bi Mwanasaumu.

"Naam, mama. Ubaridi mzuri."

Bi Mwanasaumu alichukua kikombe cha bati kilichokuwa karibu naye, akakisuuza kwa maji ya mtungi, akakijaza, akampitishia kidirishani. Randu akanywa taratibu, akakirudisha, akarudi kwenye magogo yake. Bi Mwanasaumu aliinua buibui akajifuta macho, kisha akakaa pale pale, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu apewe kile kijumba akalala usingizi mchana, mpaka honi ya saa nane ilipolia.