Mposaji Hajiposei

"Sasa, Mama," alisema Refilwe, mtayarishaji wa kipindi, "kati ya hawa wawili, mwanamume ni nani?"

MamBhele alikuwa ameshika mwiko, anakoroga sufuria ya umngqusho, mahindi na maharagwe, ya kulisha watu thelathini, na jua la Mdantsane lilikuwa limeshapanda.

"Katika nyumba hii? Mwanamume wa mwisho alikuwa mume wangu, na tulimzika miaka kumi iliyopita. Sogea, moshi utakuharibia hiyo kamera."

Refilwe alicheka, lakini hakusogea. Alikuwa ametoka Johannesburg na watu watano kuja kupiga picha posa ya Zimasa, binti wa MamBhele, na mchumba wake Khuthala, mwanamke mwenzake. Kipindi chake cha harusi kilitazamwa nchi nzima kila Jumapili. Wachumba wote walikuwa watu halisi, ila Refilwe alipenda uhalisia uje umeshapigwa pasi.

"Watazamaji wanataka kuelewa haraka," alisema. "Khuthala ana nywele fupi. Tumemletea suti na kofia."

"Nywele ni fupi kwa sababu anaoka mikate. Kutwa yuko mbele ya tanuri."

"Tanuri halionekani kwenye picha, Mama. Na wewe, washenga wakifika, ungelia kidogo..."

"Mimi hulia nikikata vitunguu. Vitunguu vimekwisha."

MamBhele angeweza kuikataa suti pale pale. Nyumba ilikuwa yake, na sahihi kwenye karatasi za kibali ilikuwa yake. Lakini nyama haikuwa imeiva, na wageni walikuwa njiani. Ni televisheni tu, alijiambia. Akasema, "Basi fanyeni haraka."

Hilo lilikuwa kosa, na halikuwa la kwanza.

Zimasa ndiye aliyekiomba kipindi hicho kije. Alikuwa fundi wa friji, mwenye kucha nyekundu ambazo hakuna aliyejua anazilindaje kazini. Mama yake alimuuliza kisa cha kujianika mbele za watu.

"Nilipokuwa na miaka kumi na sita," Zimasa alijibu, "sikumwona hata siku moja kwenye televisheni mwanamke kama mimi akinywa chai na mama yake. Wote walikuwa wanalewa, wanapigana, wanaiba wake za watu. Nataka msichana mmoja, popote alipo, anione nimekaa tu na watu wangu."

MamBhele aliikumbuka jioni moja ya miaka ile. Walikuwa kwenye kochi, kwenye televisheni wanawake wawili wanavutana nywele, na yeye akasema, "Ndivyo walivyo hao wasagaji. Mungu aninusuru na aibu hiyo nyumbani kwangu." Zimasa alikuwa kando yake, anakula karanga. Aliacha kula. Ilimchukua miaka saba kumwambia mama yake lililokuwa moyoni, na katika miaka hiyo yote MamBhele hakujiuliza kwa nini binti yake haketi tena kwenye kochi lile.

Saa nne sauti zikasikika getini. "Radebe! Bhungane! Mthimkhulu!" Washenga watatu, wakiongozwa na Phakamile, mjomba wa Khuthala, waliita majina ya ukoo wa wenyeji na kusubiri, kama inavyotakiwa. Shangazi Nokwindla, dada mkubwa wa marehemu mume wa MamBhele, alijifunga shuka lake, akaenda getini kuwasubirisha zaidi. Kazi hiyo aliipenda kuliko kula.

Ndipo akamwona Khuthala. Alikuwa amesimama mbele ya wajomba, ndani ya suti nyeusi, kofia imemfika nyusi, jasho linamtiririka. Refilwe ndiye aliyemweka hapo.

"Sifungui," alisema Shangazi.

Kamera zote zikamgeukia.

"Kwa nini, Bibi?" Refilwe aliuliza, macho yanang'aa. "Kwa sababu ni wanawake wawili?"

"Nani kataja wanawake? Masikio yako yana nini? Nasema mposaji haji kujiposea! Tangu lini? Phakamile, we mtu mzima mzima, unamleta mtoto mwenyewe getini kama anakuja kununua kuku?"

Phakamile akainamisha kichwa. "Shangazi, ni hawa wa televisheni. Walisema ndivyo kipindi kinavyotaka."

"Kipindi ni ukoo gani? Kinaitwaje kikisimama getini?"

Majirani wakaangua kicheko. Refilwe hakucheka. Alimwinamia mpiga picha, akanong'ona, "Anzia pale 'sifungui.' Mengine tutayakata." Kisha kwa sauti tamu, "Bibi, rudia neno moja tu. Sema 'Sifungui.'"

MamBhele aliyasikia yote. Alikuwa ameshona sare za shule miaka ishirini, na alijua mkasi unavyoweza kugeuza gauni zima kuwa tambara la kufutia meza. Jumapili nchi nzima ingemwona bibi mwenye chuki, bwana harusi wa bandia, na mlango uliofungwa. Na mahali fulani msichana angeacha kula karanga.

Akaweka mwiko chini, akafungua geti mwenyewe, akamgeuza Khuthala. Nyuma ya koti palikuwa na vibanio sita vya nguo, vimelibana ili mbele lionekane linamkaa.

"Hata halikukai, mwanangu."

"Niliona aibu kukataa, Mama," Khuthala alinong'ona. "Ni ndoto ya Zimasa. Sikutaka niwe mimi wa kuiharibu."

MamBhele alitoa vibanio kimoja kimoja, akamvua koti na kofia, akamkabidhi Refilwe vyote. Ndani Khuthala alikuwa na blauzi yake ya maua.

"Refilwe, binti yangu. Leo wajomba wa Khuthala wanakuja hapa kumposa Zimasa. Jumamosi ijayo Shangazi na kaka zake wanakwenda kwao kumposa Khuthala. Wanaoposwa hawaonekani, wote wawili. Ukitaka kupiga picha hayo, piga. Ukitaka mengine, geti hili lina njia ya kutokea, na zile karatasi za kibali nazichana."

"Lakini watazamaji watajuaje nani ni nani?"

"Watauliza majina."

Akamshika Khuthala mkono, akampitisha mlango wa jikoni hadi chumba cha nyuma, Zimasa alikokuwa amekaa kwenye mkeka chini ya blanketi, roho juu. Aliwafunika pamoja. Huko hapakuwa na kamera.

"Zimasa," alisema, amesimama mlangoni. "Lile neno nililosema kwenye kochi."

"Nalikumbuka, Mama."

"Nilisema upumbavu. Nililiokota kwenye televisheni, nikalileta mezani kama chakula."

"Imekuchukua muda."

"Imenichukua. Kaeni kimya sasa, Shangazi anafungua."

Jumapili ya tatu baada ya hapo walikitazama kipindi wote wanne, pamoja na Shangazi, kwenye kochi lile lile, Zimasa katikati. Refilwe alikuwa ameweka vinanda vya msiba pale kofia ilipovuliwa, na Khuthala akazomea. Lakini Shangazi alikuwemo mzima, neno kwa neno, maana hakuna kilichochekesha kuliko yeye. Chini ya picha paliandikwa: Zimasa, fundi wa friji. Khuthala, mwoka mikate. Basi.

Kipindi hakijaisha, simu ikalia. Alikuwa Nosebenzile, wa chama cha akina mama kanisani, mtu asiyempigia MamBhele ila kumkosoa.

"Huyo mkweo huoka keki za harusi pia?"

"Huoka."

"MamBhele. Mjukuu wangu huingia chumbani kila nikiwasha televisheni. Leo amekaa nami mpaka mwisho. Bado amekaa. Nimwambie nini?"

MamBhele aliitazama nafasi kwenye kochi iliyokuwa tupu miaka mingi, na kucha nyekundu zilizokuwa zimepumzika hapo sasa.

"Usiseme neno la kijinga," alisema. "Ukikosa la kusema, mpe chai, ukae naye."