Tundu Mbele ya Jukwaa

Kwa miaka ishirini na sita nilikaa ndani ya tundu mbele ya jukwaa la Opera ya Montrabes, kichwa juu ya sakafu na miguu chini yake, nikiwanong'oneza waimbaji maneno wanapoyasahau. Watazamaji hawakuniona. Waimbaji waliniona, na aliyenitazama kuliko wote ni Aimé Castaing, mtu mwenye sauti nzito ya kutikisa vioo na kumbukumbu inayovuja kama chujio.

Zamani mjini kwetu kila opera, hata ikiwa ya Kitaliano, iliimbwa kwa Kifaransa. Ndipo akaja mkurugenzi mpya kutoka Paris, Bi Vasseur, akatangaza kwamba sasa tutaimba kila opera kwa lugha yake. Wageni aliowaajiri walikuja wakijua kila neno. Nikaelewa kuwa tundu langu limo hatarini, na tangu Odile, mke wangu, alipofariki, sikuwa na mahali pengine pa kungojewa. Nikajiandikisha shule ya jioni nikiwa na miaka sitini na mmoja. Nilisoma Kitaliano misimu miwili ya baridi, nikawa wa kwanza darasani, nasema hivyo bila haya. Bi Vasseur alinisikiliza nikisoma kurasa nne, akasema nibaki kwanza, ataona.

Onyesho langu la kwanza kwa Kitaliano lilikuwa Jumapili alasiri. Katika sehemu ya pili Castaing alifungua kinywa, kisitoke kitu. Akanitazama. Kitabu cha Kitaliano kilikuwa wazi mbele yangu, kidole changu kwenye mstari wenyewe. Lakini nilipoyaona macho yale, mdomo ukampa ulichozoea kumpa: Kifaransa.

Akaimba Kifaransa. Mwanamke aliyeimba naye akamjibu kwa Kitaliano. Wazee wa ghorofa ya juu wakapiga makofi, mmoja akasema kwa sauti, "Afadhali, leo tumeelewa kitu." Ukumbi mzima ukacheka.

Bi Vasseur hakunigombeza. Alisema tu kwamba tundu litafunikwa kwa ubao. Nilipotoka, Castaing alikuwa ananisubiri kwenye ngazi.

"Umeniaibisha, mzee wangu."

"Ulikuwa umekauka, maneno yamekupotea."

"Ungeniacha nikauke. Yangerudi."

"Miaka yote hii hayajawahi kurudi yenyewe, Aimé."

"Wewe uliwahi kuyapa nafasi?"



Jumapili iliyofuata nilikata tiketi, nikakaa kwenye kiti kama watu wengine. Castaing alipofika mahali palepale alinyamaza. Akautazama ubao mpya. Mstari ulikuwa nyuma ya meno yangu, Kitaliano safi, na mimi nilikuwa safu ya kumi na mbili. Jirani yangu alikuwa anamenya peremende. Castaing akainua kidevu, akaimba kila neno bila kukosea.

Watu wakashangilia. Yule jirani akanigusa mkono, akaniomba kwa upole niache kunong'ona, kwa maana hakuwa akimsikia mwimbaji vizuri.