Mbao Zinazokauka Msituni

Seremala alikuwa hajashika randa tangu kiharusi kimlaze mkono wa kulia. Mkono upo, wala hauumi, ila ukiambiwa fanya hivi, unakaa kimya kama mgeni asiyejua lugha. Hilo lilimkera kuliko maumivu, maana binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali, alikuwa mjamzito, na mzee alikwisha kuapa mbele ya wakwe kwamba mjukuu wake wa kwanza atalala kwenye kitanda alichokichonga babu. Sasa uso wake ataupeleka wapi?

Binti, aliyeamriwa na daktari alale tu mpaka ajifungue, akamwingiza kwenye mchezo wake wa mtandaoni. "Baba, huku kidole gumba kinatosha. Tafuta magogo, tuchonge kitanda hukuhuku."

Basi kila alasiri mkewe alimwekea simu juu ya benchi la karakana, na mzee akazama msituni. Msitu gani ule! Majani ya bluu, ukungu unaotembea, miti inayoimba kidogo ukiipita. Akaokota vijiti, kokoto na nyuzi za kitani, vitu vya wanaoanza ambavyo wakongwe wa mchezo huviruka bila hata kuviangalia. Akakata magogo, akapasua mbao. Kwa gumba la kushoto! Jamani, alifurahi hadi chai ikapoa.

Lakini fundi ni fundi. Mbao mbichi hupinda, nani asiyejua? Badala ya kuzitia kwenye mkoba wa mchezo, akazipanga kivulini, kijiti kati ya ubao na ubao, upepo upite. Akazima simu, roho kwatu.

Kesho yake, patupu. Nyasi tu.

"Wameniibia!"

Kwenye simu, binti akacheka hadi akashika tumbo. "Hakuna mwizi, baba. Kitu kikiachwa chini bila mtu karibu, mchezo unakifuta. Na huku mbao hazikaushwi, unachonga papo hapo."

Mzee hakucheka. "Kumbe hata huku sifai," alisema, akaigeuza simu kifudifudi. Machozi yakamtoka, wala hakujali kwamba mkewe anaona.

Mkewe ndiye aliyemrudishia simu alasiri iliyofuata. "Acha kununa, mtu mzima wewe. Mwanao anakuita."

Akafungua. Palepale kivulini palikuwa na mbao mpya, zimepangwa kijiti kati ya ubao na ubao, ila mmoja umekaa upande. Kando ya mbao hizo mwanamke wa joho la kijani, ndiye binti yake katika mchezo, ameketi kwenye nyasi.

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu jana. Si nimeambiwa nilale? Nalala huku. Nikiwa karibu hazifutiki. Zikauke, baba, utakavyo wewe."

Mzee akamsogeza mtu wake, akaunyoosha ule ubao wa upande, akaketi ng'ambo ya pili. Ukungu ukawapita taratibu. Alisikia tu pumzi za mwanawe kwenye simu, na moyo ukamtulia.

"Zimekauka?" binti akauliza mwishowe.

Maisha yake yote aliwaambia wateja "bado, njoo kesho," na kazi yenyewe hata hajaigusa. Leo mbao zilikuwa tayari, tena tangu zilipopasuliwa, na alijua.

"Bado, mwanangu," alisema. "Njoo kesho."