Seli za Kelele

Pale maabara hakuna aliyelisha seli kwa chuki kama yeye. Kila asubuhi alifungua kabati la joto, akatoa chupa zake bapa na kuzichungulia kwa hadubini. Seli zilikuwa zinaelea, za mviringo, zimenawiri.

"Kuleni," aliziambia akizimiminia lishe mpya. "Shibeni, washenzi nyie."

Zilikuwa za saratani ya damu iliyomuua mdogo wake, kijana ambaye familia nzima ilimwita Kelele kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mwenyewe ndiye aliyekubali uboho wa mifupa yake uchukuliwe. "Zikinishinda mimi, dada, wewe zikamate uzitese," alisema, akicheka kwa midomo iliyopasuka.

Zikamshinda. Chupani nyingi zilikufa mwanzoni tu, naye dada mtu akalia kwa hasira, maana kufa kirahisi namna ile kulikuwa ni kumtoroka. Kisha chache zikashika, zikawa zinagawanyika bila kukoma. Sasa angeweza kuzijaribia dawa moja baada ya nyingine mpaka apate ya kuzikomesha.

Kilibaki kipimo kimoja. Seli za chupa nyingine huvamia kimyakimya, ukaja kugundua umetesa za watu wengine. Kwa hiyo vinasaba vya chupani vililinganishwa na vya kucha za Kelele zilizohifadhiwa alipokuwa mgonjwa. Majibu yalipotoka, alimpigia simu mama yake papo hapo.

"Ndizo, mama! Ni za Kelele, hazijachanganyika."

Mama aliuliza, "Kwa hiyo ni yeye? Yuko hai humo?"

Siku zote hizo dada aliona adui tu; hakuwahi kufikiria kwamba duniani hakikubaki kingine cha mdogo wake chenye uhai.

"Ni zake, mama. Ila ndizo zilizomuua."

"Basi nakuja."

Alikuja, akavalishwa koti jeupe lililomfika vifundoni. Alichungulia hadubini kwa muda mrefu. Kisha akaishika chupa. Ilikuwa na joto la mwili. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Dawa iko wapi?"

Dada alimshika mkono, wakaidondoshea chupa dawa pamoja.

"Zikifa zote?"

"Zipo nyingine kwenye friza. Nitaziotesha upya."

"Zioteshe," mama alisema, akivua koti. "Tena zilishe vizuri, mwanangu. Wiki ijayo nakuja kuziua tena."