Pampu Haina Kosa

Baba yangu husikiliza injini kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho kayafumba. Wateja humwita Sikio, naye hulipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Geji ya presha niliyoinunua mimi ameipiga marufuku. "Hapa hatupimi, tunasikiliza," husema, nami huimeza hasira yangu kama kidonge kichungu.

Kwa hiyo gari la shangazi lilipoletwa tena kwa kuvutwa, nilijua leo patachimbika. Shangazi ni dada yake baba, mkunga wa zahanati ya kule kilimani. Gari lilikuwa linakata pumzi kwenye mwinuko, na ukilizima lingali la moto, haliwaki. Baba alilisikiliza, akasema pampu ya mafuta, ile inayokaa ndani ya tangi, imechoka, akaibadilisha. Halafu akabadilisha hata ile mpya. Gari likazidi kumwaibisha.

"Kaka," shangazi alisema, mkoba wa kazi bado begani, "mganga mkuu kaniambia waziwazi. Nisipofika zamu ya leo jioni, kilimani anapelekwa mwingine. Wanawake wale nimewazalisha, nimewazalisha na binti zao. Siwaachi mimi."

"Pampu za siku hizi feki tupu," baba alisema. "Naisikia inalia nyepesi. Nitaweka nyingine."

"Baba, tangi limegeuka duka la pampu?" Nilishindwa kujizuia.

Shangazi akacheka. "Huyu nilimpokea kwa mikono hii, akaanza kugomba hata kitovu hakijakatwa. Mwache ajaribu."

Baba akakaa kwenye tairi kuukuu, kanuna. Sikungoja ruhusa nyingine. Nilifunga geji kwenye bomba la mafuta, nikawasha. Injini ilikuwa imeshapoa, ikakubali. Mshale ukapanda kidogo, ukagoma chini kabisa ya panapotakiwa. Nilipozima, ukaporomoka hadi sifuri. Sasa nilijua mafuta yana pa kutorokea.

Gari hilo lina mipira miwili: mmoja hupeleka mafuta kwenye injini, mwingine hurudisha tangini yaliyozidi. Kati yake pana regulata, kidude kidogo kuliko yai, kazi yake kuyazuia mafuta yasirudi mpaka presha itoshe. Nikawasha tena, nikaubana ule mpira wa kurudishia kwa koleo, taratibu, maana ukizidisha unapasua kitu.

Mshale ukaruka. Na kule nyuma, tangini chini ya kiti, pampu ikabadili sauti, ikawa nzito.

Baba akasimama. Akaja na bisibisi yake, akaigusisha kwenye tangi, akafumba macho. "Achia," akasema. Nikaachia, sauti ikawa nyepesi. "Bana." Nikabana, ikawa nzito. Tukarudia mpaka uso wake ukakunjuka.

"Nilisikia sawasawa," alisema polepole. "Inalia nyepesi kweli. Kumbe haina inachosukumana nacho, mafuta yote yanarudi bure."

"Pampu haina kosa, baba."

"Haina. Fungua hiyo regulata."

Niliifungua, nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Hewa ikapita bila hata kubisha hodi. Tukafunga mpya, na mshale ukasimama pale pale panapotakiwa, hata baada ya kuzima.

Tukapanda kilima watatu, shangazi kwenye usukani, akiongeza mwendo makusudi penye mwinuko mkali. Kwenye geti la zahanati akazima. Tukangoja, injini ikichemka chini ya boneti. Akageuza ufunguo.

Likawaka mara moja. Shangazi akapiga kigelegele mpaka mganga mkuu akatoka ofisini, akatazama saa, akatazama gari.

"Umewahi," alimwambia shangazi. "Zamu ni yako. Nani kalitengeneza?"

Niliangalia pembeni. Nilishazoea jibu la swali hilo: Sikio.

"Fundi ni huyu binti yangu," baba alisema. "Mimi nilimsaidia kusikiliza."